Nilivyokwenda Mafinga Kuuliza Kwa Nini Peleti Zetu Zinavunjika

Tangu nirudi, maswali yenu yamekuwa ya aina mbili. Kuna wanaouliza kama ni kweli nilisafiri karibu wiki tatu kwa ajili ya kipande cha chuma. Na kuna wanaouliza kama Haji Nasri amerudi kwenye makaa. Nimekuwa nikiwajibu vipande vipande, kila mtu na kipande chake, kisha mnakutana mnabishana nani kadanganywa. Basi hii hapa yote, kwa mpangilio wa njia nilivyoipita. Habari za tiketi, pasi na mihuri nimeziacha. Sijawahi kuona mtu akisoma habari ya mhuri akafurahi.

Carama, kabla ya kuondoka

Ba'mdogo wangu Rajabu mnamjua kwa vitanda vyake. Ni seremala wa Jabe, hapa Bujumbura, tangu kabla sijazaliwa. Wasiojua ni kwamba miaka michache iliyopita alinunua mashine ya kutengeneza peleti na kuiweka nyuma ya nyumba yake Carama. Peleti ni vijiti vifupi, unene wa penseli, vinavyopatikana kwa kukandamiza unga wa mbao upite kwenye sahani nene ya chuma yenye matundu. Hakuna gundi. Joto la msuguano linalainisha utomvu wa mti wenyewe, nao ukipoa unashika. Unachoma peleti badala ya makaa, moshi unakuwa mdogo, na unga ambao maseremala walikuwa wakiuchoma ovyo nyuma ya karakana unapata kazi.

Mteja wake mkubwa, na kusema kweli mteja aliyebeba kazi yote, ni Haji Nasri mwenye duka la mikate Jabe, yule ambaye babu zake walitoka Omani na ambaye hajawahi kuonekana bila kanzu nyeupe. Alijenga tanuri jipya kwa ajili ya peleti zetu. Mwanzoni alizisifu mpaka msikitini. Kisha peleti zikaanza kuvunjika. Zilitoka Carama zikiwa vijiti, zikafika Jabe zikiwa vumbi. Na kwenye majivu ya tanuri yakaanza kuonekana mawe, magumu, yanayong'aa kama chupa iliyoyeyuka.

Haji alikuja mwenyewe, mawe yamefungwa kwenye leso.

"Rajabu, mi nanunua moto, apana kokoto."

"Haji, wallahi sijatia kitu."

"Sijasema umetia. Nasema mi nimetoa. Angalia." Akafungua leso. Kisha akanigeukia mimi. "Huyu mutoto wako mwenye diplôme ya économie, atafute. Akirudi na dawa, tunaendelea. Akirudi na maneno, mi narudia makaa, na tutabaki ndugu."

Alisema kwa upole, na upole wake ndio uliotutisha. Bila Haji mashine ingeuzwa, na Ba'mdogo, kwa mgongo ule alio nao, angerudi kupiga randa kutwa nzima.

Mimi nilikuwa na maelezo tayari. Chuo kilinifundisha kwamba biashara haiumwi ugonjwa mmoja, kwa hiyo niliandika orodha ya mambo kumi na manne yanayoathiri biashara ya peleti: umeme unaokatika, mafuta ya gari yanayoadimika, aina ya miti, unyevu, bei ya makaa, mazoea ya wateja, na mengine. Ba'mdogo aliisoma yote, miwani ikiwa puani.

"We Hidaya, hii liste iko na mambo kumi na ine. Mashini yangu iko moja. Sasa nianzie wapi?"

Tulianzia kwenye sahani. Matundu yake yalikuwa yamepanuka, hata mimi niliyaona. Fundi mmoja wa Kigoma alikuwa ametuambia kwamba Mafinga, kusini mwa Tanzania, kuna mwanamke aitwaye Mama Sanga anayechonga sahani za chuma kigumu na kutengeneza peleti zake mwenyewe. Nikampigia simu, akanitajia bei, nikaamua kwenda. Nilibeba sahani ya zamani kama kipimo, kilo ishirini hivi, imefungwa kwenye kitenge ndani ya begi la mgongoni. Nilibeba pia jiwe moja la Haji, mfuko wa peleti na mfuko wa unga mbichi.

Ule unga aliuzoa Ba'mdogo mwenyewe kwenye karakana ya Jabe, kwa magoti, na ufagio wa vijiti, mpaka punje ya mwisho, kama anavyofanya siku zote na anavyowaamuru wenzake wafanye. "Ukiacha kitu chini ni israf," aliniambia huku akifunga mfuko, "na israf ni dhambi." Nilimpongeza. Naomba mkumbuke kwamba nilimpongeza.

Bandarini, siku mbili bila kusogea

Meli yetu ya mizigo ilitakiwa kushusha saruji kwanza, na mvua ikanyesha. Saruji haishushwi kwenye mvua. Kila mawingu yalipoachana wapagazi walikimbia, wakabeba mifuko kama ishirini, mawingu yakarudi, wakakimbia tena kujificha. Nilimuuliza mkubwa wao kwa nini wasiweke turubai kutoka kwenye meli hadi ghalani. Aliniangalia kwa huruma.

"Mademoiselle, turubai iko. Iko juu ya saruji."

Mkaguzi wa mizigo alikuwa na muda mwingi kama sisi wengine. Alifungua begi langu, akaigonga sahani kwa kalamu.

"Hii ni frein, breki ya kamyo."

"Apana, ni ya mashini ya peleti."

"Matundu mingi hivi? Basi ni frein ya kamyo ya zamani." Akafungua mfuko wa peleti. "Na hii chakula ya sungura."

Nilimweleza kwa urefu, kwa sababu mimi kueleza kwa ufupi sijui. Wakati naeleza, akatia peleti moja mdomoni, akaitafuna taratibu, akitazama ziwa.

"Haina chumvi," alisema, akaniruhusu kupita.

Ziwani

Jirani yangu melini alikuwa Mama Kabura, mfanyabiashara wa Jabe anayekwenda Kigoma kuchukua mawese. Mkubwa wa mwili, mwepesi wa kucheka, na mfugaji wa sungura. Mnaona tunakoelekea. Aliziona peleti, akataka kununua mfuko mzima.

"Mama, ni mbao tupu."

"Sungura wangu wanakula ata carton."

"Watakufa."

"Basi nitauliza wao kwanza." Akachukua konzi mbili, akazifunga kwenye ncha ya kitenge, na mazungumzo yakaisha.

Mpishi wa meli alitupikia ugali na ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, waliokolezwa mawese, kwenye bakuli za bati. Chakula kizuri sana, nilirudia mara mbili. Alikuwa anapikia makaa, na mimi kwa shukrani nikaamua kumfundisha. Nikamwaga peleti kwenye jiko lake la makaa. Zilifikiri kidogo, kisha zikatoa moshi mzito wa manjano uliojaza nyuma yote ya meli. Nahodha alishuka ngazi akikimbia na ndoo ya maji, akaimwaga kwenye jiko, kwenye ugali uliobaki na kwenye miguu yangu.

"Nani amechoma meli?"

"Ni huyu wa université," mpishi alisema.

Jiko la makaa halina pumzi inayotosha peleti. Zinahitaji jiko lake, lenye hewa ya kutoka chini. Hilo nilikuwa nimeliandika kwenye orodha kama jambo la sita, "mazoea ya wateja na vifaa vyao". Kuliandika ni rahisi kuliko kukauka. Mama Kabura alinikopesha kitenge akicheka mpaka machozi, na kila nilipofumbua macho usiku kucha nilisikia mabega yake bado yanatikisika.

Treni ya kutoka Kigoma

Kigoma nilisubiri treni siku moja na nusu na kula wali wa mama mmoja karibu na stesheni mpaka akawa ananiita kwa jina. Kisha reli ikatuchukua: Uvinza, na wauza chumvi madirishani, Kaliua, na asali, mahali nisipopajua jina, na mihogo ya kuchemsha yenye pilipili iliyonifanya niheshimu nchi ile.

Kati ya Kaliua na Tabora tulisimama porini kwa muda wa saa nne. Behewani mwetu kulikuwa na maelezo matano ya sababu, kila moja likitolewa na mtu aliyeapa. Nilihesabu yanayopingana, nikabaki na matatu. Baadaye treni nyingine ilitupita ikitoka upande wa pili, na wote watano wakasema si nilisema.

Mzee aliyekaa mbele yangu alikuwa mfuga nyuki, ndoo mbili za asali miguuni. Alinisikiliza nikimweleza peleti, kisha akaniuliza kitu ambacho sikuwa nimejiandaa nacho.

"Mjukuu wangu, mti mnaukata, mnaupasua, mnausaga, halafu mnauumba tena uwe kijiti, halafu mnauchoma. Kwa nini msiuchome tangu mwanzo?"

Nilimjibu karibu saa nzima. Nilisema mti hatuukati sisi, anaukata anayetaka kitanda. Sisi tunachukua kinachoanguka chini ya msumeno. Nikamweleza msitu, moshi, makaa yanavyopoteza nusu ya joto porini kabla hayajafika mjini. Aliitikia kwa kichwa kwa makini muda wote. Nilipomaliza alisema, "Ahaa, kumbe mnaokota." Akanipa kijiko cha asali. Na kweli, kazi yetu ya miaka yote aliiweka kwenye neno moja, nami nikaona wivu.

Dodoma hadi Mafinga

Hapa sina mengi. Basi kutoka Dodoma lilikuwa na televisheni na tamthilia ambayo kila mtu alikuwa ameshaiona isipokuwa mimi, kwa hiyo waliniambia mwisho wake mapema ili nisiteseke. Iringa nilinunua sweta. Mafinga nilinunua sweta la pili nikalivaa juu ya la kwanza. Sisi wa ziwani tunasema baridi tukimaanisha upepo wa asubuhi. Kule baridi inakaa na wewe mezani, na pande zote kuna miti ya paina iliyosimama kwa mistari hadi macho yanachoka, na magari ya mbao, na malundo ya unga wa mbao makubwa kama nyumba. Nilipiga picha ya lundo moja nikamtumia Ba'mdogo. Alijibu kwa ujumbe wa sauti: "Subhanallah. Na yote hii inalala tu inje?"

Kwa Mama Sanga

Nje ya banda kubwa la mabati nilikuta viatu vimepangwa mstari: raba, ndala, buti za mvua, jozi kama kumi na mbili. Nilifurahi. Nilikuwa sijaswali adhuhuri, nikajiambia kumbe hata huku wana mahali pa kuswalia. Nikavua viatu. Mlangoni alisimama mama mwembamba mwenye kofia ya sufu na ufagio laini mkononi. Nikamwamkia, nikamuuliza pa kunawa.

Aliangalia miguu yangu. "Kunawa siyo lazima, ila ukinawa ni vizuri zaidi. Bomba lile pale."

Nikatia udhu kwa maji yaliyonikata vidole. Nikarudi, nikamuuliza watu wanaelekea wapi, nikimaanisha kibla.

"Kule kule, kwenye mashine," alisema.

Niliingia hatua tatu ndipo nikaona. Hapakuwa na mkeka wala safu ya waswalio. Palikuwa na watu wenye soksi nene na ndala safi za ndani, wakisukuma unga wa mbao kwa majembe ya ubao juu ya sakafu ya mbao, na mashine ikinguruma mwishoni.

"Samahani, mama. Nilidhani ni mahali pa sala."

Alicheka mpaka akashika mlango. "Hapa hatusali, mwanangu. Hapa tunaogopa mchanga."

Huyo ndiye Mama Sanga. Alinipeleka ofisini kwake nikaswali kwenye kona kati ya mitungi ya grisi, kisha akaniwekea chai na maandazi. Nilimkabidhi sahani yetu. Alipitisha ncha ya msumari kwenye matundu, moja baada ya jingine, macho yamefumbwa.

"Hii imeliwa," alisema.

"Ndiyo, imechakaa. Ndiyo maana nimekuja kununua mpya."

"Sikusema imechakaa. Iliyochakaa inakuwa laini, kama kijiko cha bibi. Hii ina mikwaruzo. Sikuuzii."

Nilidhani ni mbinu ya bei. Mimi nimekulia karibu na soko la Jabe, namjua muuzaji anayejifanya hataki kuuza. Nikamwambia bei aliyoisema kwa simu naikubali. Akasema hakuna bei. Nikamwambia nimetoka Bujumbura. Akasema anajua, ndiyo sababu anaona uchungu kunirudisha tena baada ya miezi mitano na sahani nyingine kama hii. Nikatoa orodha yangu, nikamsomea yote kumi na manne, na maelezo. Alimaliza maandazi mawili.

"Umemaliza? Umeme ni kweli, unanitesa hata mimi. Wateja ni kweli. Mengine sijui, sijasoma. Lakini katika hayo yote hakuna hata moja linalokwaruza chuma."

Niliondoka kwa hasira nikazunguka Mafinga yote nikitafuta sahani. Mwenye duka la vipuri wa nne aliniuliza nimetumwa na nani, nikamweleza, naye akanielekeza kwa Mama Sanga.

Asubuhi yake nilirudi na viatu mkononi. Mama Sanga aliweka glasi mbili za maji mezani. Kwenye moja alitia kiganja cha unga wake, akakoroga. Ukazunguka, ukaelea, maji yakawa na rangi ya chai hafifu, chini hakuna kitu. Kwenye ya pili alitia unga wetu, ule niliobeba kutoka Jabe. Akakoroga. Tukasubiri.

Mbao zilielea. Lakini chini ya glasi kilianza kukaa kitu. Kilishuka kimya kimya, chembe kwa chembe, mpaka kikawa tabaka nene kama unene wa kidole, rangi ya kahawia yenye wekundu kidogo. Rangi ile naijua. Nimeifuta kwenye viatu vyangu maisha yangu yote. Ni sakafu ya karakana za Jabe.

"Mnazoaje?" Mama Sanga aliuliza.

Nilimwona Ba'mdogo kwa magoti na ufagio wa vijiti, akikwangua ardhi ili asiache hata punje.

"Kwa uangalifu sana," nilisema.

"Mpaka chini?"

"Mpaka chini kabisa."

Nilitoa jiwe la Haji, nikamwonyesha. Nilikuwa na nadharia kwamba ni utomvu wa mbao tunazoletewa kutoka Kongo. Aliligeuza kwenye mwanga. "Mchanga ukikutana na majivu kwenye moto mkali, unayeyuka. Hili ni sakafu yenu, imepikwa." Kisha akanirudishia, taratibu, kama anayerudisha picha ya mtu.

Mambo kumi na manne, rafiki zangu, na hapakuwa na ufagio. Nimemuuliza maswali kila mtu niliyekutana naye tangu nikiwa darasa la kwanza, nimemuuliza mpagazi kuhusu turubai, na sikuwahi hata siku moja kuuliza unga wetu unatoka wapi kabla haujafika kwenye gunia. Nilidhani kwenye kuzoa hakuna cha kujifunza. Na sikuwahi kuzoa.

Baada ya hapo alinikubalia kununua, kwa sharti nifanye kazi kwake siku tatu. Nilijifunza kutandika turubai chini ya msumeno ili unga usifike ardhini. Nilijifunza kuchekecha, na kufinya unga kiganjani: ukiachia wenyewe, ndipo umekauka inavyotakiwa. Nilijifunza kwamba sahani mpya haianzi kazi hivi hivi. Unailisha kwanza pumba zilizochanganywa na mafuta, saa nyingi, mpaka matundu yang'ae. Jioni walikula ugali na maharage na kunikaribisha ulanzi, kinywaji cha mianzi. Mmoja aliapa kuwa wa leo ni mtamu kama sharubati na haulevi. Niliuliza wa jana ukoje. Wakacheka wote, nami nikabaki na chai.

Kurudi

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu kama ya kwenda, na sahani mpya ilikuwa nzito kuliko ile ya zamani niliyoiacha kwa Mama Sanga aionyeshe wateja wengine. Lakini siikumbuki sana njia, kwa sababu muda wote nilikuwa najaribu sentensi.

"Ba'mdogo, kuna tatizo dogo la usafi." Hapana, hilo ni uongo.

"Ba'mdogo, kitaalamu..." Hapana.

Yule ni mtu ambaye hajawahi kutupa msumari uliopinda. Anaunyoosha. Aliponilea baada ya baba kufariki, mkate uliokauka tuliuloweka kwenye chai, na ubao uliobaki ukawa kiti, na kilichobaki kwenye kiti kikawa kibao cha kuandikia. Sisi sote tumekula kutokana na ule utaratibu wake wa kutoacha kitu chini. Sasa mimi, niliyesomeshwa na mbao alizookota, niende nikamwambie kwamba kuokota kwake ndiko kulikoila mashine?

Kati ya Tabora na Kigoma nilimsimulia jirani yangu, mwalimu wa hesabu, habari ya zile glasi, nikaijaribu sentensi hiyo kwake. Alisema, "Usimwambie. Mpe maji na glasi."

Carama na Jabe

Nilifika Carama mchana, Ba'mdogo anafagia uani. Alinikumbatia, akaishika sahani mpya kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, akaanza kutafuta funguo za mashine. Nikamwambia asubiri. Nikaleta glasi, maji na unga wa karakanani. Nikakoroga, nikanyamaza. Mnaonijua mnajua hiyo ilikuwa kazi kiasi gani.

Alikaa kwenye kigoda akiangalia. Tabaka lilipokamilika aliinua glasi, akaiweka kwenye jua, akaiinamisha. Aliitambua sakafu yake haraka kuliko mimi.

"Hii ni Jabe," alisema.

"Ndiyo, Ba'mdogo."

"Miaka yote hii mi napiga magoti pale, nasema naokoa."

"Ndiyo."

"Kumbe mi ndiye nimekula mashini."

Nilimshika mkono. Kwa mara ya kwanza nilimwona mzee.

Kisha akauliza, "Huko kwa huyo mama, wanafanya je?"

Nikamweleza. Turubai na chekecheo havikumshtua, lakini nilipofika kwenye viatu aliinua kichwa.

"Wanavua viatu?"

"Wote. Nje ya mlango. Mimi nilidhani ni msikiti, nikatia udhu."

Alicheka. Alicheka mpaka glasi ikamwagika. "Bon," alisema akifuta macho. "Hiyo naielewa. Mambo ya viatu naielewa vizuri." Lakini kuna kitu bado kilimsumbua. "Na ile unga itabaki inje ya turubai, chini? Tunaiacha watu wanakanyaga?"

Nikamwambia kwamba wafuga kuku wa Carama wanatafuta kitu cha kutandika mabandani, na kuku hawana neno na mchanga. Alifikiri, akakubali, na jioni ile ile alikuwa ameshampata mfugaji.

Jabe ilikuwa kazi zaidi. Maseremala walipoona turubai mpya chini ya msumeno na Ba'mdogo amesimama miguu mitupu, mmoja alipiga kelele, "Rajabu, umefungua musikiti hapa?"

"Apana. Lakini toeni viatu."

"Na soksi yangu iko na tundu?"

"Tundu si mbaya. Mchanga ndiyo mbaya."

Wiki nzima walimtania, wakamwita imamu wa sciure, yaani wa unga wa mbao. Wiki nzima alikagua nyayo zao.

Kisha ikafika siku ya Haji. Tulipeleka magunia matatu ya peleti mpya asubuhi. Mlangoni mwa duka la mikate kulikuwa na magunia sita ya makaa, yamepangwa tayari. Haji hakuyaficha wala hakuyaelezea. Aliingiza mkono kwenye gunia letu, akachota peleti, akazifinya. Hazikuvunjika. Akazifinya tena kwa mikono miwili.

"Washa," aliwaambia watu wake.

Mkate wa kwanza ukaiva, wa pili, wa tatu. Ba'mdogo alisimama kando ya tanuri mikono nyuma, jasho linamtoka. Haji akangoja majivu yapoe, akavuta trei ya majivu, akakunja mkono wa kanzu na kuanza kuyapepeta kwa vidole. Kushoto. Kulia. Majivu yalikuwa laini kama unga wa ngano. Nikaanza kupumua.

Kidole chake kikasimama.

Akatoa kitu cheusi, kigumu, ukubwa wa punje ya maharage. Akakiinua mbele ya uso wa Ba'mdogo. Haji akakipuliza, akakinusa, akakitia kati ya meno na kukivunja.

"Mukate," alisema, akatafuna na kumeza. Kisha akajipangusa mikono, akatoka hadi mlangoni, na tukamsikia akiwaambia watu wake: "Hii makaa mutoe hapa mulangoni. Itanichafulia kanzu."